Wahitimu wa Sheria wa Dar es Salaam na Mkulima wa Itebero (Sehemu ya Pili)

Vyuo vya sheria hupenda kujipima kwa vyeo vya watu waliopita humo, na kwa kipimo hicho Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam hakina mshindani katika ukanda wetu. Humo alipita Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa Tanzania toka 1985 hadi 1990. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini humo na Waziri wa Sheria kuanzia 1975. Effie Owuor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya. Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya kwa miaka 20. Benjamin Odoki na Willy Mutunga, majaji wakuu wa Uganda na Kenya. Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wa Tanzania. Na Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa toka 2007 hadi 2012. Ni kweli tupu, na orodha ingeweza kurefuka. Lakini isomewe mkulima wa Itebero, kusini mwa teritwari ya Walikale, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, naye atauliza swali moja la haki: hao wakubwa wananihusu nini? Ninadai kwamba wanamhusu, ila si kwa vyeo vyao. Cheo hukoma siku mwenyewe anapostaafu. Utaratibu aliouandika ndio unaoendelea kufanya kazi, au kushindwa kufanya kazi, baada yake, na humo ndimo wahitimu wa chuo wanapaswa kupimiwa.

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi kitivo kilivyoanzishwa, kwa hiyo nakumbusha machache tu. Kamati ya Lord Denning ilipendekeza elimu ya sheria itolewe Afrika yenyewe, na mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, wanafunzi 13 walianza masomo katika jengo la TANU lililo kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Msomaji wa Kongo hawezi kulipita jina hilo bila kusimama kidogo. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Januari ya mwaka uleule, na nchi aliyoiongoza kwa miezi michache ilikuwa imepata uhuru bila jaji hata mmoja Mkongo. Wabelgiji walipoondoka, viti vya mahakama vilibaki wazi, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kutafuta majaji ng'ambo, wakiwemo wa kutoka Haiti. Shule ya taifa ya sheria na utawala ilifunguliwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1961 ili kuziba pengo hilo haraka, nayo ikaongozwa na kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Étienne Tshisekedi.

Tofauti kati ya miji hiyo miwili haikuwa akili wala bidii. Hadi 1970 Dar es Salaam ilikuwa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki chote, na kijana wa Kitui, wa Busia na wa Zanzibar walikaa darasa moja wakabishana juu ya katiba tatu kwa wakati mmoja. Kongo ilifuata njia ya kinyume. Mobutu alipoviunganisha vyuo vikuu mwaka 1971, sheria ilibakizwa Kinshasa, huku Kisangani ikiachiwa masomo mengine. Kwa miaka mingi kijana wa Walikale aliyetaka kuwa avoka alilazimika kuvuka nchi nzima, na aliyefika huko mara nyingi hakurudi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa 1989, na Chuo Kikuu cha Goma kilianza 1993 kama tawi la Kisangani. Kwa hiyo vitivo vya sheria vya Kivu bado ni vichanga, na kuvidai orodha ya majaji wakuu kama ya Dar ni kuvionea. Swali linalovifaa ni lingine: wale wa Dar waliandika nini ambacho hawa wanaweza kukitumia?

Nianze na ardhi, kwa kuwa katika Walikale na teritwari jirani ya Masisi hakuna jambo lililomwaga damu kuliko hilo. Mapigano yaliyoanzia kwenye soko la Ntoto, Machi 1993, yalikuwa na sababu nyingi, lakini mizizi yake haielezeki bila swali la nani anaruhusiwa kulima wapi, na kwa idhini ya nani. Sheria ya Kongo ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, kisha kwa wanavijiji wanaokalia ardhi kwa mila ikaahidi, katika ibara ya 389, kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya rais. Miongo ikapita na amri haikutoka. Katika pengo hilo mkulima alibaki na neno la chifu tu, na mwenye fedha au mwenye jamaa serikalini akapata hati ya usajili juu ya shamba lilelile. Sheria haikuwa imekataza dhuluma wala kuiruhusu. Ilinyamaza, na katika ukimya wake mwenye nguvu alisikika peke yake.

Tanzania ilipofikia njia panda ya namna hiyo, tume ya rais ya kuchunguza masuala ya ardhi ya mwaka 1991 iliongozwa na Issa Shivji, mhitimu na mwalimu wa kitivo hicho. Tume ilizunguka vijijini, ikasikiliza malalamiko, na ikapendekeza mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondolewe mikononi mwa rais, ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano wa wanakijiji wenyewe. Serikali ilikikataa kiini hicho. Rasimu ya sheria ikaandikwa na Patrick McAuslan, Mwingereza ambaye, kwa mzunguko wa ajabu wa historia, alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo kabisa wa kitivo. Shivji akaikosoa hadharani. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliyopatikana kutoka katika mvutano huo ina mambo ambayo Masisi haijawahi kuyaona: haki ya kimila yenye hadhi sawa na haki iliyotolewa na serikali, hatimiliki ya kimila inayotolewa na kijiji, na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wanawake wakiwa 3 kati yao. Siisifu kupita kiasi. Vijiji vingi vya Tanzania vilichelewa kupata hati, na wafugaji wanaohamishwa wana maneno makali ya kusema kuhusu sheria hiyo. Lakini aliyedhulumiwa Tanzania ana kifungu cha kukitaja mbele ya baraza, na aliyedhulumiwa Walikale alikuwa na ahadi ya mwaka 1973. Tofauti hiyo ni kazi ya watu waliosoma sheria kisha wakaenda kusikiliza vijijini, na hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kuwa waziri ili aifanye.

Hapa mpinzani makini atanishika. Atasema namchagua Shivji na kuwaacha wale waliotumia elimu yao kuitumikia mamlaka bila kuihoji. Ni pingamizi zito. Tanganyika ilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, ikadumu miongo mingi, na wanasheria wa serikali waliotoka katika kitivo hicho waliishi nayo. Wako alianza uanasheria mkuu chini ya Rais Moi mwaka 1991, miaka ambayo Mutunga, aliyesoma chuo hichohicho na kuwekwa kizuizini mwaka 1982, alikuwa akishiriki kuunda Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika la kiraia lililoibana serikali ileile. Chuo kimoja kilimtoa wakili wa dola na mpinzani wake. Sioni aibu katika hilo, wala sioni fahari. Ninaloliona ni kwamba elimu ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa mwadilifu, na anayetangaza kitivo kana kwamba ni kiwanda cha mashujaa anawadanganya wazazi wanaolipa karo. Kongo inao mfano wake. Marcel Lihau, rais wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo toka 1968, aliondolewa mwaka 1975 alipokataa kuwatwisha wanafunzi waandamanaji adhabu kali iliyotakiwa na utawala. Wenzake waliosoma vitabu vilevile walibaki vitini.

Hata walioandika vizuri, kazi yao ilifutwa na wengine. Tume ya Odoki ilizunguka Uganda na kutayarisha msingi wa Katiba ya 1995 iliyoweka ukomo wa mihula ya rais. Mwaka 2005 bunge likaufuta. Warioba, baada ya kuwa ndani ya serikali kwa miaka mingi, aliongoza tume iliyoanza kazi mwaka 2012 na kutoa rasimu ya muungano wa serikali tatu. Bunge Maalumu likaikata kiini chake mwaka 2014, na kura ya maoni haikufanyika. Mwenye kutaka kukata tamaa ana sababu. Mimi najibu kwamba rasimu iliyokataliwa haifi kama cheo kinavyokufa. Watanzania wanaobishana juu ya katiba hadi leo wanabishana wakiishika rasimu ya Warioba mkononi. Ameacha lugha ya kudai, na hilo si dogo.

Ramadhani ndiye anayemgusa mkazi wa Itebero kwa karibu zaidi, ingawa jina lake halijulikani huko. Alikuwa mtu wa njia nyingi: ofisa wa jeshi aliyefika ubrigedia, Jaji Mkuu wa Zanzibar, Jaji Mkuu wa Tanzania, rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uzeeni akawa kasisi wa Anglikana. Katika yote hayo nakitaja kiti kimoja ambacho watu hukisahau. Mahakama ya Afrika Mashariki ilipozinduliwa mwaka 2001 mjini Arusha, alikuwa miongoni mwa majaji wake wa kwanza, na Warioba pia. Miaka ile ya mwanzo ndiyo iliyoipa mahakama hiyo uti wa mgongo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haukuipa waziwazi mamlaka juu ya haki za binadamu, na ingeweza kunawa mikono. Lakini mwaka 2007, katika shauri la Katabazi dhidi ya Uganda, lililohusu watuhumiwa waliopewa dhamana kisha wakakamatwa upya na watu wenye silaha waliovamia Mahakama Kuu ya Kampala, iliamua kwamba kuingilia haki kwa bunduki kunavunja utawala wa sheria ambao mkataba umeuahidi. Anayeishi Kivu ya Kaskazini hahitaji kuelezwa kwa nini uamuzi huo ni mkubwa.

Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Toka hapo ibara ya 30 ya mkataba inamhusu mkazi wa Itebero sawasawa na mkazi wa Nairobi: anaweza kuishitaki serikali ya nchi mwanachama moja kwa moja, bila kulazimika kwanza kumaliza ngazi zote za mahakama za nchini. Wapo watakaosema kwamba Dar hufundisha sheria ya Kiingereza na sisi tumerithi ya Kibelgiji, kwa hiyo mlango huo si wetu. Burundi imerithi ya Kibelgiji kama sisi, na mwaka 2015 muungano wa waandishi wa habari wa nchi hiyo ulishinda Arusha dhidi ya sheria iliyoubana uhuru wa habari. Kizuizi cha kweli kipo kwingine. Mashauri ya Arusha huendeshwa kwa Kiingereza, wakati vitivo vya Goma na Bukavu hufundisha kwa Kifaransa. Na mahakama haina askari wa kulazimisha hukumu zake zitekelezwe. Hayo yote mawili ni kweli, na la pili halina dawa ya haraka.

Lakini lipo la tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote. Mkataba unataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili toka kitendo kilipotokea au kilipojulikana. Shirika la Kenya la madaktari na wanasheria, IMLU, lilipeleka Arusha mauaji na mateso ya Mlima Elgon ya miaka ya 2006 hadi 2008. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kililitupa shauri kwa sababu ya kuchelewa, kikikataa hoja kwamba ukiukaji unaoendelea hauhesabiwi siku. Walikale iliujua ucheleweshaji kwa njia yake. Ubakaji wa Luvungi na vijiji jirani ulitokea kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010; Sheka, kiongozi wa kundi lenye silaha, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi ya Goma Novemba 2020. Miaka 10 kwa mahakama ya nchini ni kuchelewa. Kwa Arusha, siku moja baada ya miezi miwili tayari ni shauri lililokufa. Kwa hiyo mhitimu wa Bukavu au Goma anayetaka kuufungua mlango ule anahitaji mtu mwingine kabla yake: muuguzi wa zone ya afya ya Itebero, au katibu wa chifu, aliyefundishwa kuandika siku ileile nani alikuja, kuhusu jambo gani, lililotendeka lini na nani, na kuituma karatasi hiyo kwa barabara ya Hombo kabla mvua haijaikata. Kazi hiyo haijawekwa katika programu ya kitivo chochote ninachokijua, na ndiyo itakayoangaliwa katika sehemu ya tatu.