Njaa ya Uvimbe

Mwangaza unaoonekana katika picha ya PET, kipimo kinachonasa mionzi kutoka mwilini, huonyesha ulaji wa seli. Mgonjwa aliyefunga kula kwa saa kadhaa hudungwa FDG, yaani sukari iliyounganishwa na florini-18, aina ya florini yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Sukari hiyo huingia katika seli kwa kupitia milango ileile ya glukosi, ambayo ni protini za GLUT1 zilizo kwenye utando wa seli, kisha kimeng'enya cha heksokinasi huipachika fosfeti, na kwa kuwa umbile lake haliruhusu kuvunjwa zaidi, hunaswa humo kama samaki aliyeingia demani. Baada ya saa moja hivi mashine hupima mionzi iliyokusanyika, na kiasi chake, kikilinganishwa na dozi na uzito wa mwili, huitwa SUV.

Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi hata penye oksijeni ya kutosha, ila si saratani zote za matiti zenye njaa sawa. Uvimbe wa daraja la 3, ambao seli zake zimepoteza kwa kiasi kikubwa sura ya tishu zilimotoka, kwa kawaida hung'aa kuliko wa daraja la 1. Vivyo hivyo ule wenye Ki-67 nyingi, protini inayoashiria kwamba seli zinagawanyika. Saratani isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2 huwa na SUV ya juu, ilhali ile yenye vipokezi vya estrojeni, ambayo mara nyingi hukua polepole, hufifia.

Hatari kubwa ya kusoma picha vibaya imo katika saratani ya vijitezi vya maziwa. Seli zake kwa kawaida hukosa E-kadherini, gundi inayoziunganisha, hivyo hupenya katika tishu moja nyuma ya nyingine kama msafara wa siafu, bila kujikusanya kuwa bonge. Sukari iliyomo hutawanyika na picha huwa hafifu, ingawa ugonjwa umeenea. Uvimbe ulio chini ya sentimita 1 nao huonekana dhaifu kuliko ulivyo, kwa kuwa mashine huchanganya mionzi yake na ya tishu zilizouzunguka, na kwa upande mwingine titi linalonyonyesha huweza kung'aa bila saratani yoyote. Ndiyo maana SUV ya chini haiwezi kamwe kuchukua nafasi ya kipande cha nyama kilichochunguzwa kwa hadubini.

Saratani hiyo ya vijitezi, kwa bahati njema, mara nyingi huwa na vipokezi vya estrojeni, na FES, kifuatilishi chenye mionzi kama FDG kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hushikamana navyo na kuweza kufichua vidonda ambavyo FDG imeviacha gizani, isipokuwa vilivyomo katika ini, ambalo lenyewe huifyonza FES kwa wingi na kuvifunika.