Vumbi Lisiloonekana

Nikisema kazi yangu ni kupima vumbi, watu hunionyesha makochi yao. Vumbi la kochini mimi silihofii. Chembe zinazozidi sehemu moja ya mia ya milimita nyingi hunaswa puani na kooni. Unapiga chafya, unakohoa, yamekwisha. Ninazozitafuta ni zile zisizofikia hata sehemu moja ya mia nne. Hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, zikachochea pumu na kuuchosha moyo, na mtandio uliojifunga puani hauzizuii sana.

Chombo chenyewe ni cha kawaida mno: pampu inavuta hewa kupitia karatasi ya kuchujia iliyopimwa uzito ikiwa safi. Kesho yake unaipima tena. Uzito uliozidi ndio vumbi.

Kazi kama hii Mmarekani Joseph Prospero aliianza mwaka 1965, akinasa vumbi kisiwani Barbados, ng'ambo ya Atlantiki. Vumbi alilolinasa lilikuwa na rangi ya udongo mwekundu, na udongo huo ulikuwa wa Afrika, umesafiri juu ya bahari karibu wiki nzima. Ukame ulipoishika Saheli mwanzoni mwa miaka ya 1970, vumbi la Barbados likaongezeka sana. Njaa ya Niger na Mali ikawa inasomeka kwenye mizani ya kisiwa cha mbali!

Chimbuko kubwa mojawapo la vumbi la Afrika ni Bodélé, nchini Chad, ambako upepo hubanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, kisha ukafyatuka juu ya sakafu ya ziwa lililokauka. Linalopeperushwa huko kwa sehemu kubwa ni magamba ya viumbe wadogo mno walioishi majini zamani.

Barani kwenyewe vumbi huandamana na maradhi: kuanzia Senegal hadi Ethiopia, msimu wa vumbi ndio msimu wa homa ya uti wa mgongo, na mvua zikishuka wagonjwa hupungua. Watafiti wengi wanashuku kuwa hewa kavu yenye vumbi hukwaruza utando wa koo, bakteria waliotulia humo wakapata njia. Upepo haukamatiki, kwa hiyo bora kumkamata bakteria. Chanjo iliyoanzia Burkina Faso mwaka 2010 ililizima kundi A la bakteria huyo. Mwaka 2024 Nigeria ikawa ya kwanza kutumia chanjo mpya ya makundi matano.