Upepo wa Singida: siku tatu juu ya baiskeli na mume wangu

Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzako mlikaa pamoja saa sita mfululizo bila TV, bila watoto, bila foleni na bila kila mtu kuinamia simu yake? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Mimi nilipoulizwa swali hilo nilikosa jibu, na aliyeniuliza alikuwa mume wangu.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka, na nyumbani hali haikuwa shwari. Chanzo nilikuwa mimi. Tulialikwa kwenye sherehe ya rafiki yangu, stori zikanoga, nikaropoka mbele za watu: “Jamani, siku hizi kwetu baba wa nyumba ni mimi!” Meza nzima ilicheka isipokuwa yeye. Mwenzangu alipunguzwa kazini miaka miwili iliyopita, na tangu hapo ananunua mafuta ya alizeti Singida na kuyauza kwa jumla Dar. Mwaka huo huo mimi nilipandishwa cheo. Baada ya sherehe ile ukaingia ukimya ambao wanandoa wengi mnaujua. “Umekula?” “Nimekula.” “Haya, usiku mwema.”

Halafu siku moja akaniambia, “Mama, Pasaka hii twende Singida. Tubebe baiskeli.” Nilidhani ananitania.

KWA NINI SINGIDA?

Kila Julai, mashindano ya Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, yanapoonyeshwa kwenye TV, tunawaona waendesha baiskeli wakikatiza mashamba ya alizeti na vijiji vya kale. Tunatamani, tunasema siku tukipata viza na hela tutakwenda. Kumbe alizeti tunayo hapa hapa. Panda basi Dar, safari ya takriban kilomita 700, ushuke Singida mwezi wa nne wakati mvua zinaelekea kuisha. Utakuta mashamba ya njano pande zote, na katikati yake majabali makubwa ya mawe yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono. Mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua lake halikuchomi kama la Dar.

Tulifika Alhamisi usiku na baiskeli zetu mbili za mtumba zenye gia. Ijumaa tulipumzika. Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Jioni tulikaa juu ya jiwe kando ya Singidani, ziwa la maji ya chumvi, tukiangalia ndege. Mwenyeji mmoja alitusimulia habari za Liti, yule mama wa Kinyaturu ambaye simulizi zinasema aliwapiga Wajerumani kwa kuwatumia nyuki, na ambaye uwanja wa mpira wa mjini hapo umepewa jina lake. Nikasema, “Unaona? Wanawake tumeanza zamani kuongoza.” Mume wangu akatabasamu kidogo, akanyamaza. Nilipaswa kuusoma ukimya ule. Sikuusoma.

JUMAMOSI: NILIPAA

Alfajiri tukashika barabara ya kuelekea Nzega, lengo likiwa kulala Misigiri. Wasomaji wangu, siku ile niliendesha baiskeli kama nimezaliwa nayo! Nilikuwa nimeogopa nitaaibika, lakini pedali zilikuwa nyepesi na vilima nilivipanda bila kushuka. Kandokando ya barabara kulikuwa na madumu ya mafuta ya alizeti, chupa za asali, vitunguu, na kuku wa kienyeji ndani ya matenga. Wazee wenye baiskeli nzito za Phoenix walitupungia mkono. “Shikamoo mzee!” “Marahaba wanangu, karibuni.”

Hata maua yalikuwa yakituangalia. Alizeti ikishakomaa huacha kulifuata jua na kubaki imeelekea mashariki. Sisi tulikuwa tunakwenda magharibi, kwa hiyo shamba baada ya shamba liliinua uso kutupokea.

Tatizo lilikuwa mwenzangu. Kila nikigeuka nyuma, yuko mbali. Pale Iguguno nilishamaliza chai na chapati ndipo akafika, shati limelowa. Nikamwambia, “Baba, vipi? Umezeeka?” Akanywa maji, akasema, “Nakuja tu, usiwe na wasiwasi.” Na mimi moyoni nikasema, si unaona? Hata hapa mimi ndiye niko mbele.

Misigiri tulilala gesti safi tu ya kawaida, tukala ugali wa mtama, mlenda na kuku wa kienyeji. Anayekwambia kuku wote ni sawa hajala wa Singida.

JUMAPILI: SEKENKE

Baada ya ibada ya Pasaka tukasogea mpaka kwenye mlima Sekenke. Hapo barabara inateremka ghafla, na chini yako unaona mbuga ya Wembere imetandikwa kama mkeka hadi macho yanapoishia. Sekenke ina historia yake. Wajerumani walichimba dhahabu hapa, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, walitumia dhahabu ya Sekenke kutengeneza kule Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazitafuta kwa pesa nyingi.

Hatukuteremka, kwa sababu malori ya Rwanda na Burundi kwenye mteremko ule si ya kuchezea. Tulikaa kando, juu ya jiwe, na hapo ndipo aliposema.

“Kuna mtu ananikodisha mashine ya kukamua alizeti. Nilikuwa nafikiria kuhamia huku.”

“Tuhamie?”

“Nihamie.”

Wapenzi wasomaji, ofisini kwangu napokea barua za ndoa zinazovunjika kila mwezi, na nina majibu ya kila aina. Pale juu ya jiwe sikuwa na hata moja. Nikauliza, “Kwa sababu ya yale maneno ya sherehe?” Akasema, “Yale watu waliyasikia siku moja. Mimi huyasikia kila siku, hata usipoyasema.”

Usiku ule hatukuongea sana.

JUMATATU: UPEPO

Asubuhi tukageuza kurudi Singida. Dakika kumi tu, nikajua kuna kitu hakiko sawa. Baiskeli ilikuwa nzito kama imefungwa gunia. Nikasimama kuangalia kama nina pancha, kama breki zimeng'ang'ania. Baiskeli haikuwa na shida yoyote. Mzee mmoja aliyekuwa akikokota Phoenix yake yenye tenga la kuku alicheka.

“Juzi nilikuona unapita kwa mbwembwe. Juzi upepo ulikuwa unakusukuma, mwanangu. Leo umekutana nao.”

Singida ni nchi ya upepo. Ndiyo maana kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa kwenye mipango ya umeme wa upepo. Upepo wake mara nyingi hutoka upande wa mashariki. Jumamosi ulikuwa mgongoni nami sikuuhisi kabisa, maana upepo wa mgongoni hauna kelele. Sasa ulikuwa usoni, na hata yale maua yalikuwa yametupa kisogo.

Kabla ya Iguguno miguu iliisha. Mume wangu akanipita, akasema, “Kaa nyuma ya gurudumu langu. Karibu, lakini usiliguse.” Wale wa Tour de France hufanya hivyo: wa mbele anaupasua upepo, wa nyuma anapumua. Nikamfuata, na kweli nikaona nafuu kubwa. Hapo, macho yangu yakiwa mgongoni kwake kwa saa nzima, ndipo nilipoona kitu ambacho Jumamosi sikukiona. Kwenye karia yake kulikuwa na mabegi yote mawili, maji yote, pampu na vifaa. Kwangu hakukuwa na kitu.

Nikaanza kuhesabu mengine. Nilipokuwa nasoma digrii yangu ya mawasiliano, ada ya miaka yote mitatu ilitoka kwenye mshahara wake. Usiku wa kuandika riporti yangu ya mwisho yeye ndiye alikuwa anambembeleza mtoto mwenye homa. Mimi nilisema nimefika nilipo kwa juhudi zangu. Juhudi zilikuwepo, sikatai. Ila na upepo ulikuwepo.

Iguguno nilimwomba msamaha. Sikutumia maneno ya kitaalamu tunayowaandikia humu. Nilisema tu, “Nisamehe. Mabegi nipe moja.” Akalifungua kimya kimya na kulifunga kwenye karia yangu. Tulibadilishana kukaa mbele mpaka tukaliona Singidani.

SASA JE?

Sitawadanganya kwamba mambo yote yameisha. Mashine ameikodi. Wiki mbili za kila mwezi yuko Singida, na moja kati ya hizo namfuata wikiendi. Ni ngumu na nauli inauma. Lakini anapoondoka najua atarudi, na nikiulizwa mume wangu anafanya kazi gani, nasema kwa sauti: anakamua alizeti.

MKITAKA KWENDA

• Nendeni Machi hadi Aprili kama mnataka maua. Kuanzia Mei mashamba huanza kukauka kwa mavuno.
• Anzeni na upepo usoni na mrudi nao mgongoni, siyo kama sisi. Siku ya mwisho miguu itawashukuru.
• Barabara kuu ina malori mengi. Vaeni kofia ngumu na nguo za rangi kali, na msiendeshe usiku. Mkiweza, zungukeni kwa njia za vijijini.
• Bebeni tyubu ya akiba, viraka, solusheni na pampu. Mafundi baiskeli wapo, ila saizi ya tairi zenu huenda wasiwe nayo.
• Gawaneni mizigo kabla ya kuondoka.