Bakuli la Jirani Halirudi Tupu



Huenda mtu akastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni alifu na be, ameshika kalamu kuandika khabari za mapishi. Nami sikatai kwamba jikoni si mahali nilipopazoea. Lakini khabari hii ilinijia kwa mlango wa dini kabla ya kufika jikoni, na kosa lililomo ndani yake, nusu yake ni langu. Kwa hivyo imenipasa niieleze.

Yuko kijana mmoja niliyemsomesha Qur'ani tangu hajui kushika msahafu. Alipokua alipata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani, katika mji wa Stuttgart, upande wa kusini wa nchi ile. Akapanga chumba katika nyumba ya ghorofa, na mlango uliokabili mlango wake alikaa bibi mmoja mzee, mjane, Mjerumani. Jioni moja ya baridi kali bibi yule akabisha hodi, mkononi ana bakuli lililofunikwa, linafuka moshi. Ndani yake mlikuwa na saladi ya viazi, tena ya moto. Kijana akapokea, akashukuru, akafunga mlango. Alipofunua akaona vipande vya nyama iliyokaangwa, akatambua kuwa ni ya nguruwe. Basi akakimwaga chakula chote katika pipa la mabaki, ambalo nyumba nzima hulitumia kwa shirika.

Asubuhi yake bibi alikwenda kutupa maganda katika pipa lile lile, akakiona chakula chake kimelala juu. Tangu siku hiyo hakumwamkia tena kijana wetu.

Kijana alinipigia simu. "Shikamoo Maalim. Je, nimekosa?"

Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Kwa kutokula hukukosa." Kisha nikanyamaza, kwa maana nilikumbuka jambo. Miaka mingi nimewafundisha watoto kwamba nguruwe ni haramu, hata mdogo wao ajua aya katika Suratul Baqara na Suratul Maida. Lakini hata siku moja sikuwafundisha namna ya kusema kwa ulimi laini, "Ahsante sana bibi, ila chakula hiki dini yangu hainiruhusu kukila." Nilimpa mtoto nusu ya somo, naye akaenda nayo ng'ambo.

Nikamwambia, "Nenda ukabishe hodi, umweleze kweli yote, wala usijitetee."

Akaenda. Bibi akamsikiliza, kisha akamwuliza, "Mbona hukuniambia pale pale mlangoni?" Akamweleza kwamba katika miaka ya dhiki baada ya vita vikuu vilivyokwisha 1945, yeye akiwa mtoto, mama yake alikuwa akiipika saladi ile bila ya nyama yo yote, kwa kuwa nyama haikupatikana, na ilikuwa tamu vile vile. Akamketisha jikoni, akamfundisha. Na yule kijana ndiye aliyenifundisha mimi.

CHAKULA HIKI NI KIPI

Wajerumani, ambao wazee wetu wa Mrima waliwaita Wadachi, wana saladi ya viazi ambayo kwa lugha yao huitwa Kartoffelsalat. Upande wa kaskazini wa nchi yao wengi huitia mayonezi na huila baridi. Upande wa kusini, katika Swabia na Bavaria, huitia supu ya moto, siki, mafuta, vitunguu na haradali, na huila ingali na uvuguvugu. Viazi vikiwa vya moto hunywa supu na siki vizuri kuliko vikisha poa, na hiyo ndiyo siri yake. Wako waitiao vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, waiitayo Speck, na wako wasioitia.

Viazi vyenyewe si vya asili ya Ujerumani. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na Wahispania ndio waliovileta Ulaya katika karne ya 16. Watu wengi waliviogopa. Mwaka 1756 mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia aliwaamuru maofisa wake wawahimize wakulima wavipande ili kuikimbiza njaa. Hata leo watu waendao kuliangalia kaburi lake mjini Potsdam huweka viazi juu yake. Sisi hatuna desturi hiyo, lakini twafahamu kwamba mtu aliyewaondolea watu njaa hasahauliwi upesi.

Wajerumani walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 walikwenda na mapishi yao, na huko hadi leo mtu akitaja "saladi ya viazi ya Kijerumani" hukusudia ile ya moto yenye siki. Na ni huko Marekani ambako saladi hii ilikutana na chungu cha umeme kipikacho polepole.

CHUNGU CHENYEWE

Chungu hiki ni bakuli zito la udongo uliochomwa, limetiwa ndani ya ganda lenye nyaya za kupasha moto ubavuni, na juu yake mna kifuniko cha kioo. Hakichemshi kwa haraka kama jiko, bali hupika kwa moto mdogo muda wa saa nyingi. Mama zetu wanaopalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria hawataona jambo geni hapa, isipokuwa makaa yamegeuka umeme.

Aliyekibuni alikuwa mhandisi wa Chicago, jina lake Irving Naxon, naye alipata hati ya kukimiliki mwaka 1940. Yeye alikuwa Myahudi, na mama yake alikuwa amemsimulia kwamba kwao Lithuania watu walikuwa wakipeleka vyungu vya chakula kwenye tanuri ya mwoka mikate jioni ya Ijumaa, viive polepole kwa joto lililobaki, ili siku ya Sabato wale chakula cha moto pasipo kuwasha moto. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka 1971 ikakitoa chungu hicho sokoni kwa jina la Crock-Pot. Tazameni basi, hata chombo hiki mzizi wake ni watu waliotaka kuitunza sharia ya dini yao bila ya kulala na njaa.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Kwanza ni nyama. Mahali pa nguruwe tia nyama ya ng'ombe ya halali iliyokaushwa kwa moshi. Katika miji ya Ujerumani maduka ya Waturuki huiuza, kwani Waturuki walianza kwenda huko kwa wingi kufanya kazi baada ya mapatano ya mwaka 1961. Ikikosekana, acha nyama kabisa.

Pili ni supu. Vile vidonge vya supu vya dukani vyaweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Aliye katika nchi ile asome karatasi ya nje, na ayajue maneno haya: Schwein ni nguruwe, Speck na Schinken ni nyama zake zilizohifadhiwa, na Schmalz ni shahamu, ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe. Supu ya mboga uliyoichemsha mwenyewe ndiyo yenye salama zaidi.

Tatu ni siki. Mtume wetu (s.a.w.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema, kama alivyopokea Jabir katika Sahih Muslim. Mvinyo uliogeuka siki wenyewe, pasipo kutiwa kitu, ni twahara kwa wanavyuoni. Ama uliogeuzwa kwa kutiwa kitu, Mashafii wanaukataa na Mahanafi wanaukubali. Mwenye kutaka kujiepusha na khitilafu atumie maji ya limau, nayo yatamfaa.

Nne ni chombo. Mwanafunzi ng'ambo hununua vyombo vilivyokwisha tumiwa, kwa kuwa ni rahisi. Chungu kilichopikiwa nguruwe, katika madhehebu yetu ya Shafi, hakina budi kuoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Baada ya hapo pika kwa moyo mkunjufu.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa watu 5 au 6 twaa viazi mviringo kilo 1, vile ambavyo ndugu zetu wa Unguja huviita mbatata. Chagua vile vigumu visivyovurugika upesi, na kila chenye rangi ya kijani kitupe, kwani kina sumu. Menya, kisha kata vipande vya duara vyenye unene wa nusu sentimita hivi, vyote sawasawa, ili kimoja kisiive mwenziwe angali mbichi.

Kaanga gramu 150 za ile nyama ya ng'ombe hata ikauke, uiweke kando. Katika mafuta yaliyobaki ongeza vijiko 3 vya mafuta ya kupikia, ukaange vitunguu 2 vilivyokatwa vidogo vidogo mpaka vilainike. Tia kijiko 1 cha unga wa ngano, koroga, kisha mimina robo lita ya supu ya moto, siki vijiko 3 vya chakula, haradali kijiko 1 cha chakula, sukari vijiko 2 vya chai, chumvi kijiko 1 cha chai na pilipili manga kidogo. Yakisha chemka pamoja, panga viazi chunguni na uvimiminie mchuzi huo ungali moto.

Funika, uweke kwenye moto mdogo kwa muda wa saa 6 hivi, au moto mkubwa kwa saa 3 au 4. Usifunue funue kwa hamu ya kutazama, kwani kila unapofunua joto hukimbia, na chungu hiki ni mvivu wa kulirudisha. Kisha jaribu kwa ncha ya kisu, na kikiingia pasipo nguvu, viazi vimeiva. Ongeza siki vijiko 2 vingine, tia ile nyama na majani membamba ya kitunguu yaliyokatwa, ugeuze taratibu kwa mwiko wa mti. Ile siki ya mwanzo ni ya kuvilinda viazi, kwa sababu penye uchachu kile kishikacho umbo la kiazi, ambacho wataalamu hukiita pektini, hakilainiki upesi, na vipande havivurugiki. Siki ya mwisho ni ya ladha.

Mke wangu alikijaribu chungu hiki katika Ramadhani. Alikiwasha baada ya sala ya adhuhuri, akasoma juzuu yake, akapumzika, na adhana ya magharibi ilipolia chakula kilikuwa tayari, pasipo yeye kusimama mbele ya moto na kinywa kikavu. Wanaume wenzangu, tulifikirie hilo.

Lakini hadharini na umeme kukatika. Chakula kikikaa katika uvuguvugu muda mrefu, vijidudu vya maradhi huzaliana ndani yake. Umeme ukikatika nawe upo, hamishia jikoni mara moja umalizie kupika. Ukirudi nyumbani usijue ulikatika kwa muda gani, kitupe, kwani afya ya watoto ina thamani kuliko kilo moja ya viazi. Kikisha iva usikiache wazi zaidi ya saa 2. Wala usilitie bakuli la moto katika maji baridi, litapasuka.

BAKULI LILIRUDI VIPI

Kwetu sisi, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Na Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Kijana wetu alinunua chungu kilichokwisha tumiwa, akakiosha kama nilivyoeleza, akapika saladi ile kwa nyama ya halali, akalijaza lile bakuli na kulirudisha kwa mwenyewe. Bibi akaonja mbele yake. Akasema siki ni kidogo na vipande ni vinene mno. Kisha akala, akaongeza.

Ramadhani iliyofuata bibi alimwuliza jua litakuchwa saa ngapi, naye akawa mara kwa mara hubisha hodi wakati huo akiwa na kitu mkononi, na kabla ya kukitoa husema kwanza kimepikwa kwa nini.

Nami nimelibadilisha somo langu. Sasa tukimaliza mlango wa vyakula vilivyoharimishwa, nawasimamisha watoto wawili wawili, mmoja akiwa jirani mwenye bakuli, na mwenziwe akiwa mgeni. Yampasa mgeni akatae pasipo kumvunjia moyo jirani, na asiyeweza harudi kuketi mpaka ajaribu tena. Wengi huona ni rahisi kuisoma aya kuliko kulisema lile neno jema.

Mwenyezi Mungu aturuzuku vilivyo halali, na atupe ulimi wa kuvikataa visivyo halali kwa heshima. Wabillahi tawfiq.