Bonge la Damu na Rekodi Zake

Ukijikata kisu, kuganda kwa damu ndiko kunakokuokoa. Damu hiyohiyo ikiganda ndani ya mshipa, hugeuka adui. Hizi hapa rekodi zake.

Muuaji mkubwa. Takriban kifo 1 katika kila 4 duniani kinahusishwa na mabonge ya damu, yawe yameziba mishipa ya moyo, ya ubongo au ya mapafu.

Safari ya hatari zaidi. Bonge huota kwenye vena ya ndani ya mguu. Likimeguka, hupanda na damu, likapita upande wa kulia wa moyo na kusukumwa mapafuni. Likiwa kubwa, hunasa pale ateri ya mapafu inapogawanyika, mithili ya tandiko mgongoni mwa punda. Moyo husukuma, damu haipiti.

Kiti kibaya zaidi. London, mwaka 1940, watu waliokimbia mabomu walikesha mahandakini kwenye viti vya turubai. Ubao wa mbele uliwabana chini ya mapaja, damu ikatuama. Daktari Keith Simpson, mchunguzi wa maiti, alibaini kuwa baadhi waliuawa na mabonge ya mapafuni.

Dawa kongwe. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, imetokana na ugunduzi wa mwaka 1916 wa Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari, kwenye maini ya mbwa. Leo hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe, na bado inaokoa watu.

Dakika ghali zaidi. Kiharusi cha bonge kisipotibiwa, kila dakika ubongo hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Mgonjwa shupavu zaidi. Serena Williams, bingwa wa tenisi, aliugua mabonge ya mapafu mwaka 2011. Mwaka 2017, baada ya kujifungua kwa upasuaji, pumzi zilimbana. Akamwambia muuguzi anataka picha ya CT na heparini, akashikilia hivyo mpaka akasikilizwa. Mabonge yakaonekana.

Ushupavu huo ndio tunaouhitaji. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu lake, au pumzi zikibana ghafla na kifua kuchoma, nenda hospitali saa hiyohiyo, hasa kama umetoka kujifungua, kufanyiwa upasuaji au kulazwa kwa muda mrefu. Mtajie daktari neno lenyewe: bonge la damu.