Udhibiti wa Kiwango cha Maji katika Boila za Viwanda vya Sukari: Tatizo la Kipimo Kinachopotosha

Katika kiwanda cha sukari kinachochoma makapi ya miwa, mvuke wa boila huendesha vinu, huzalisha umeme na kuchemsha maji ya miwa. Vinu vinaposimama na kuanza tena, mahitaji ya mvuke hubadilika ghafla. Hata hivyo, maji katika dramu ya boila hayana budi kubaki ndani ya mipaka finyu. Yakipungua mno, mabomba yaliyo karibu na moto hukosa kupozwa, hulainika na kupasuka. Yakizidi, matone huchukuliwa na mvuke na kuharibu mapanga ya tabini.

Ugumu wa udhibiti huu unatokana na viputo vya mvuke vilivyomo ndani ya maji yenyewe. Mahitaji yakipanda ghafla, shinikizo katika dramu hushuka. Viputo hutanuka na vingine vipya huzuka. Kiwango huonekana kupanda ilhali uzito wa maji yaliyomo unapungua. Mahitaji yakishuka, hali huwa kinyume chake: shinikizo hupanda, viputo husinyaa, na kiwango huonekana kushuka ingawa maji hayajapungua.

Kidhibiti kinachotegemea kipimo cha kiwango pekee hudanganyika. Huifunga vali ya maji wakati boila inahitaji maji zaidi. Viputo vinapotulia, upungufu hudhihirika na vali hufunguliwa kwa wingi. Maji yanayoingia, ambayo si ya moto kama yaliyomo, huvunja viputo na kushusha kiwango zaidi. Hivyo kiwango huyumba juu na chini.

Suluhisho lililozoeleka ni udhibiti wa vipimo vitatu: kiwango cha maji, mtiririko wa mvuke unaotoka na mtiririko wa maji yanayoingia. Chukulia kwamba mvuke umepanda kutoka tani 20 hadi 26 kwa saa. Kidhibiti huagiza mara moja nyongeza ya tani 6 za maji, bila kusubiri kiwango kibadilike. Kipimo cha maji yanayoingia huthibitisha kwamba nyongeza hiyo imefika. Kipimo cha kiwango hubakiwa na kazi ya kusahihisha polepole tofauti ndogo, kama zile zitokanazo na maji machafu yanayotolewa chini ya boila au makosa ya vipimo.

Mfumo huu nao una mipaka. Boila inapowashwa, mtiririko huwa mdogo na vipimo vyake haviaminiki. Kwa hiyo kidhibiti hurejeshwa kwenye kipimo cha kiwango pekee. Aidha, makapi yaliyokwisha kuwaka hayazimiki papo hapo ulishaji wake unapokatwa. Kwa sababu hiyo, swichi ya tahadhari ya maji kupungua haina budi kujitegemea, na kukata ulishaji wa moto mapema, maji ya kupoza mabomba yakiwa bado yamo.