Mapigo ya Moyo na Mpwito

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani kwetu siku hizi ni kutafsiri maneno yanayotokea katika programu za kompyuta za hospitalini. Kazi hiyo huonekana nyepesi mpaka pale mashine mbili zinapotakiwa kusemezana, yaani monita iliyo kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi na kumbukumbu zake za kielektroniki. Pasipo kuunganishwa, muuguzi husoma tarakimu kwenye kioo cha monita na kuziandika katika chati kwa mkono wake. Zikiunganishwa, tarakimu huenda zenyewe, na yule aliyejua amesoma nini, na amekisoma wapi, hayumo tena katikati. Hubaki jina tu.

Kuhusu jina la mashine yenyewe hatutasema mengi. Wako wanaolipinga neno monita kwa kuwa limekwisha kupewa kiranja wa darasa. Wauguzi hulitumia kila siku, nasi tunaliacha lilivyo.

Tatizo limo katika maneno "mapigo ya moyo". Monita moja huweza kutoa idadi mbili za mapigo. Ya kwanza hutokana na vibandiko vya kifuani, ambavyo hupokea umeme wa moyo. Ya pili hutokana na kibanio cha kidoleni, ambacho hupenyeza mwanga na kuhesabu kila wimbi la damu lifikapo hapo. Aghalabu idadi hizo hulingana, na ndiyo maana lugha ya kawaida haikuona haja ya kuzitenga. Lakini moyo ukipiga bila mpangilio, baadhi ya mapigo yaweza kuwa dhaifu mno yasifike kidoleni. Tuseme kifuani pamesomeka 130 na kidoleni 96. Hapo si lazima mashine iwe imekosea. Tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo habari ya ugonjwa.

Mashine zimekwisha kutenganishiwa jambo hili. Katika msamiati wa kimataifa wa ISO/IEEE 11073, idadi ya kwanza ina namba 147842 na ya pili 149530. Ujumbe unaopangwa kwa kanuni za HL7, jumuiya iliyoanzishwa Marekani mwaka 1987, huweza kubeba namba hizo pamoja na kizio cha kipimo na wakati. Zikifika upande wa pili ndipo zinapovikwa maneno ya Kiswahili. Katika rasimu moja tuliyoletewa, mistari yote miwili iliandikwa "mapigo ya moyo". Mwunda programu aonaye mistari miwili yenye jina moja hushawishika kufuta mmoja. Daktari naye, akisoma 130 saa nne kamili na 96 dakika moja baadaye, aweza kuamini kwamba mgonjwa ametulia.

Kwa hiyo tunapendekeza "mapigo ya moyo" yabaki kwa kinachopimwa kifuani, na "mpwito" litumike kwa kinachohesabiwa katika mshipa wa damu. Mpwito si neno la kuunda. Jipu hupwita, na kila mmoja wetu amewahi kulihisi. Tumeambiwa kwamba neno hilo ni la jipu kuliko la hospitali. Kinachopwita katika jipu ni damu hiyo hiyo.

Liko jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. "Kuunganisha" litumike kwa mashine na mtandao tu. Tendo la kuiambia mashine kwamba aliyelala kitandani ni fulani tumeliita "kufungamanisha". Mgonjwa akihamishwa na mwingine akaletwa, monita huweza kubaki imeunganishwa vilevile, na muuguzi akiridhika na neno hilo, vipimo vya mgeni vitaingia katika jalada la aliyeondoka.

Hayo bado ni mapendekezo. Tungependa wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi watuandikie neno wanalolitamka wao kwa wao wanapomshika mgonjwa kifundo cha mkono na kuhesabu.